Chai ya Saa Kumi

(Maneno haya yalisemwa na mjumbe wa Kamati mbele ya wakazi na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, katika kituo cha Nkamira, Sekta ya Kanzenze. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ila salamu zimefupishwa.)



Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya utamaduni. Nilipomwuliza utamaduni upi, akanijibu, "Mwalimu, ngoma zimekwisha kupewa wenyewe, michezo imekwisha kupewa vijana, wewe tuzungumzie chai." Watu waliokuwapo wakacheka, nami nikacheka. Lakini usiku nilipolala nikaona kwamba amenipa kazi kubwa. Ngoma tunazicheza wageni wakija. Chai tunainywa kila siku, hata siku ambazo hakuna anayetutazama.

Wageni wetu wengi hamuijui saa kumi ya hapa, maana ndiyo saa mnayoondoka, nasi tunaelewa kwamba ni amri ya kazi. Asubuhi hapa pana shughuli nyingi. Kuna foleni ya maji, kuna kuandikishwa, kuna zahanati, kuna watoto wa kuogesha. Mchana kuna chakula. Baada ya hapo magari meupe yanaanza kugeuza kuelekea Gisenyi (nasema Gisenyi kama wazee wenzangu, vijana husema Rubavu), ukungu unashuka kutoka upande wa volkano, baridi inaingia, na mtu anabaki na mawazo yake. Kati ya saa hiyo na giza ndipo mtu anapoanza kuhesabu: nyumba niliyoiacha, ng'ombe walioliwa, shamba, waliokufa, na wale ambao sijui kama wamekufa. Ndiyo maana birika letu linapigwa kijiko saa kumi na si saa nyingine.

Saa hiyo hatukuivumbua sisi. Waingereza husimulia kwamba desturi yao ya chai ya alasiri ilianzishwa na Anna, bibi mkubwa wa ukoo wa Bedford, kiasi cha mwaka 1840. Wakubwa wa zamani hizo walikula mchana mapema na chakula cha usiku kilichelewa mno. Basi mama yule, tumbo likimlalamikia, akaagiza chai na mkate chumbani mwake. Baadaye akawa anawaita rafiki zake, na jambo likaenea. Kwa hiyo hata kwa matajiri chai hii ilizaliwa na njaa ya katikati ya siku. Nawaambia haya wale wanaodhani kwamba sisi ndio wa kwanza kuwa na njaa saa kumi.

Watu wa pwani nao, Mombasa, Lamu, Unguja, wana chai yao baada ya sala ya Alasiri. Jua limepunguza ukali, kazi za mchana zimekwisha, mama anajitanda na kwenda kumtazama mwenzake. Huko atapikiwa chai yenye iliki au mdalasini, na kando yake kaimati au vitumbua. Mimi nilijifunza haya Birere, mjini Goma, kwa jirani yangu ambaye wazee wake walikuja kutoka pwani kwa biashara. Kwake, mgeni wa saa kumi hakuulizwa, "Una shida gani?" Aliwekewa kikombe kwanza. Shida kama ipo, ilijitokeza yenyewe kwenye kikombe cha pili. Na kama haikujitokeza, hakuna aliyeivuta.

Sisi wa Masisi na Rutshuru, nisiwadanganye, chai si kitu cha babu zetu. Babu zetu walimpa mgeni maziwa, na jioni wanaume waliketi kwenye pombe ya ndizi au ya mtama. Hata hapa Rwanda mti wa chai ulianza kupandwa mwaka 1952, na kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Mulindi mwaka 1962. Wazee wetu waliona watu wakichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, kutwa nzima, kwa ajili ya vikombe vya watu wa mbali. Hadi leo sehemu kubwa ya chai ya Rwanda huenda kuuzwa nje, na nyingi hupitia kwenye mnada wa Mombasa. Kiwanda cha Pfunda kiko katika wilaya hii hii tunayokaa. Mtu anayekwenda Gisenyi anaweza kuiona milima ya kijani ya chai kwa macho yake, kisha akarudi hapa akakuta hatuna majani ya kutosha birika moja. Sisemi hivyo kwa kulalamika, nasema kwa sababu watoto wangu darasani waliniuliza, na sikuwa na jibu fupi.

Jina lenyewe lilikuja kwa njia mbili. Neno chai linatokana na neno la Wachina, cha, ambalo lilisafiri kwa nchi kavu kupitia Uajemi hadi likafika kwetu pwani. Lile thé tulilofundishwa shuleni kwa Kifaransa linatokana na namna watu wa Fujian, huko huko China, wanavyolitamka, te, nalo lilisafiri baharini katika meli za Waholanzi. Sisi Wakongo tunayo yote mawili. Mtu huomba thé ofisini, na akirudi nyumbani huomba chai.

Lakini kwetu chai ilipoingia nyumbani ilikaa. Tulipokuwa na ng'ombe, ilikuwa njia nyingine tu ya kunywa maziwa. Tena ilifanya jambo ambalo pombe haikuliweza. Kwenye pombe mama haketi, mtoto haketi, Mwislamu haketi, mlokole haketi, na baada ya saa moja hata wanaoketi hawasikilizani. Kwenye chai wote wanaketi. Nakumbuka nyumbani kwa baba yangu mdogo, mambo ya mipaka ya mashamba yalizungumzwa saa kumi, kwenye chai, kabla wanaume hawajaenda kwenye pombe. Yaliyozungumzwa kwenye pombe yalirudiwa kesho yake.

Wazee wetu waliokimbia tangu mwaka 1996 wanasema kwamba desturi hii haikukatika kambini. Wako kati yetu wenye ndugu waliokaa Kiziba, waliokaa Gihembe mpaka ilipofungwa mwaka 2021, na wengine waliopitia hapa hapa Nkamira mwaka 2012 kabla ya kupelekwa Kigeme. Na wako wenye ndugu waliouawa katika kambi ya Mudende, hapa jirani, mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba mwaka 1997. Leo ni siku ya ukumbusho, basi na wao tuwataje. Mzee mmoja aliniambia kwamba baada ya Mudende, watu waliohamishiwa Gihembe hawakuweza kuwalilia wafu wao kama desturi inavyotaka, kwa sababu karibu kila hema lilikuwa na wafu wake, na hakuna aliyebaki wa kwenda kumfariji mwenzake. Walichoweza kufanya ni kuchemsha maji, watu wa hema hili wakaenda kuketi kwenye hema lile kwa zamu, wakanywa wakanyamaza. Sukari haikuwapo. Mzee alisema, "Hatukuhitaji sukari siku hizo."

Sasa nije kwenye chai yetu sisi.

Ilianza bila Kamati. Mwanzo wake ni birika moja la alumini, lenye kifuniko ambacho si chake, ambalo mama mmoja alivuka nalo mpaka akiwa amelifunga ndani ya kitenge pamoja na mtoto. Watu walimwuliza kwa nini alichukua birika akaacha godoro. Akasema godoro halikuwa karibu na mlango. Alikuwa akichemsha maji kwa ajili ya mtoto mwenye kikohozi, na tangawizi, na waliokaa karibu wakawa wanaleta vikopo. Baada ya majuma mawili walikuwa watu kumi, na baada ya mwezi Kamati ikasikia, nasi Kamati tukafanya kama Kamati zote zinavyofanya: tukaweka utaratibu.

Hapa lazima nikiri kosa, maana daftari lilikuwa mkononi mwangu. Tuliandika kwamba kila jamaa italeta kijiko cha sukari au sarafu kidogo kila juma. Tulidhani ni haki. Kila Jumamosi nilisoma majina ya waliotoa. Sikusoma majina ya wasiotoa, lakini watu wanajua kuhesabu. Mwezi wa pili nikaona mzee mmoja haji tena. Nikamwuliza mke wake, akasema mzee anaumwa kichwa. Nikauliza lini, akasema saa kumi. Kila siku saa kumi. Nilirudi nyumbani nimelielewa jibu lile. Yule mzee alikuwa mtu wa kusuluhisha watu kwao, mtu ambaye kikombe chake hakikuwahi kukauka, na mimi nimemfukuza kwa kijiko cha sukari.

Tuliacha kusoma majina. Daftari lile sasa watoto wanafanyia hesabu. Siku hizi mwenye kitu anakiweka kwenye kopo lililo kando ya jiko, anakiweka wakati wowote, hata usiku, na hakuna anayesimama kutazama. Mnaweza kuuliza kama kinapatikana cha kutosha. Hakitoshi. Siku nyingine ni mukaru, yaani chai bila maziwa. Siku nyingine ni mukaru bila sukari. Na kuna siku ni maji ya moto na tangawizi tu, na watu wanakuja. Siku ile ya kwanza ya maji na tangawizi ndipo yule mzee aliporudi. Alisema amesikia kwamba leo hakuna cha kudaiwa.

Niseme pia juu ya ndugu zetu Waadventista, kwa kuwa jambo hili lilikaribia kutugawa. Kanisa lao linawakataza majani ya chai. Kuna waliosema, "Basi wasije, chai ni chai." Wengine wakasema wakae pembeni. Mama mmoja Mwadventista alilimaliza shauri bila maneno mengi: aliomba mche wa mchaichai kwa jirani mmoja wa Kanzenze, akaupanda nyuma ya mabafu, na sasa lipo birika la pili, dogo. Watoto wengi wamelihamia hilo dogo kwa sababu ya harufu yake, na hao si Waadventista.

Nije kwa wafanyakazi wa mashirika. Mwaka jana mmoja wao, ambaye sitamtaja wala shirika lake, alituambia mambo mawili. La kwanza, kwamba moto wetu uko karibu mno na shitingi za hanga. La pili, kwamba chai si hitaji la msingi, na kwamba kuni zile zingefaa kazi nyingine. Wenzangu walikasirika kwa yote mawili. Mimi nasema juu ya lile la kwanza alikuwa na haki, na tulikuwa wazembe. Watu wanalala wengi chini ya paa moja, na cheche moja ingetuua. Tulihamisha jiko, sasa liko mbali, lina ukuta wa mawe pande tatu na ndoo ya mchanga, na mtoto haruhusiwi kulikaribia. Tunamshukuru.

Juu ya lile la pili hatukukubaliana, na leo nataka kumjibu kwa heshima. Tunajua orodha ya msaada: nafaka, maharage, mafuta, chumvi. Ni orodha ya mwili, na bila hiyo tungekuwa tumekufa. Hatuombi chai iongezwe humo. Lakini niwasimulie jambo moja.

Kuna mama aliyefika peke yake. Majuma matatu hakusema neno. Aliandikishwa, akajibu maswali kwa kichwa. Walikuja watu wa kumsaidia, wazuri, wakaketi naye, hakusema. Saa kumi alikuwa anakuja, anapokea kikombe, anakaa mwisho wa benchi. Siku moja tulipata maziwa kidogo, na kijana wa zamu akayamwaga kwenye maji yaliyokwisha kuchemka pamoja na majani. Yule mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika, "Maziwa hayawekwi hivyo." Watu wakageuka. Akasimama, akamnyang'anya kijana mwiko, akaeleza: maji na maziwa vianze pamoja, tangawizi iingie mapema, majani yaje mwisho, uondoe motoni kabla haijawa chungu. Mtu mmoja upande wa pili akauliza, "Hivyo ndivyo wanavyopika wapi?" Akataja kilima chake. Yule mtu alikijua kilima kile. Akamtajia shule, akamtajia kisima. Na jioni ile, polepole, mama akataja jina la mwanawe, na yule mtu akasema kijana wa jina hilo alimwona Sake, yapata mwezi mmoja nyuma, akiwa na kundi la watu wanaotembea.

Ni hayo tu. Kijana hajapatikana. Jina lake limepelekwa kwa wanaotafuta waliopotezana, nasi tunangoja. Lakini kabla ya siku ile halikuwa limeandikwa popote, kwa sababu mama hakuwa amelitaja kwa mtu. Sasa ndugu yangu, kuni zile zingefanya kazi gani nyingine?

Nisiwapambe wenzangu kupita kiasi. Kwenye chai kuna umbeya, tena mwingi. Ndoa mbili ziliharibika midomoni mwa watu kabla hazijafungwa. Uvumi wa mabasi huanzia hapo hapo: kesho watu mia wanaondoka, kesho kutwa hakuna anayeondoka. Tumeomba, na tunaomba tena mbele yenu, kwamba habari za safari zitangazwe saa kumi na mtu anayezijua, wakati watu wamekusanyika, badala ya kubandikwa karatasi ambayo wengi hawawezi kuisoma. Kama hamwezi kubaki, mmwachie mmoja wetu maneno sahihi.

Halafu kuna jambo la akina mama. Kwa muda mrefu akina mama walichota maji, wakawasha moto, wakapika, wakagawa, wakaosha vikombe. Na wanaume wakaja wakiwa wamejifunika mablanketi, wakaketi karibu na moto, wakaeleza jinsi dunia ilivyoharibika. Wazee wangu mnisamehe. Tangu Januari zamu ya maji na ya kuosha vikombe ni ya wanaume na vijana. Vikombe vitatu vilivunjika juma la kwanza. Tunaamini ilikuwa bahati mbaya.

La mwisho ni lile lililotusumbua mkutano mzima wa Kamati juma lililopita. Kituo hiki ni cha kupita. Mabasi yamekwisha kuwapeleka wengi wetu Mahama, kule Kirehe, mashariki kabisa, kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu Warundi. Waliotangulia wanatupigia simu kwamba kule ni joto, na kwamba chai ya saa kumi huwatoa jasho, lakini wameianza. Sasa jina la mama mwenye birika limetoka kwenye orodha. Swali likawa: birika liende au libaki? Ni lake, hakuna ubishi. Vijana walitaka tuchange tumnunulie jingine. Wazee walisema hapana, hili limezoea moto wa hapa. Tulibishana hadi giza, kama watu wanaobishana juu ya ng'ombe.

Mwenyewe alikuwa kimya. Mwishoni alisema kwamba yeye anakwenda mahali penye watu waliokwisha kufika, wenye masufuria. Wanaoingia hapa usiku kutoka mpakani hawana kitu mkononi. Kwa hiyo birika litabaki, ila anaomba kifuniko, kwa sababu kile kifuniko, tofauti na birika, kilikuwa cha mama yake.

Tumemkubalia. Kuanzia Jumatatu birika litafunikwa kwa sahani.

Naona akina mama wananipungia mkono, na kwa saa yangu imekwisha kupita kumi na robo. Wageni wetu, leo madereva wenu wameombwa wangoje kidogo. Vikombe havitoshi, tutapokezana. Karibuni chai.